Cha Juu Kwenye Nyumba ya Benki

Tangu Illinois ilipobadili sheria yake ya leseni mwaka 2019, majimbo ya Marekani yamekuwa yakifuatana kuwabana watu wanaouza mikataba ya nyumba wasizozimiliki. Oklahoma ilikuja na sheria yake mwaka 2021. Pennsylvania ilipitisha yake mwaka 2024, ikaanza kutumika Januari 2025. Katika magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya wa Dallas, Atlanta na Minneapolis, ambako kozi za kuingia kwenye biashara ya nyumba bila mtaji zina wateja wengi, habari hizi zimepokelewa kama msiba: serikali imemfungia mlango asiye na pesa. Wauza kozi nao hawakulala. Wamebadilisha somo, na somo jipya linasema hivi: achaneni na wajane na wazee wenye nyumba chakavu, sheria sasa zinawalinda, nendeni kwenye nyumba zilizotwaliwa na benki baada ya wenyewe kushindwa kulipa mkopo, mtumie mawakala wenye leseni, mpeleke ofa nyingi zenye haki ya kuhamishiwa mtu mwingine.

Wanaolia na wanaotangaza, wote wanaiangalia sheria, na naona hapo ndipo wanapopotea. Kwenye nyumba za benki mlango huu ulikuwa umefungwa miaka mingi kabla ya Illinois kuamka, na aliyeufunga ni muuzaji mwenyewe, kwa kipengele kimoja kwenye karatasi zake. Sababu zake zina mashiko. Anayepoteza katika mpango huu si benki, wala si yule mwekezaji wa mwisho; ni mwanafunzi wa kozi na wakala anayekubali kumwandikia ofa.

Nianze na namna mpango unavyofanya kazi, kwa sababu kwenye video huwa unaenda mbio mno. Tuseme nyumba ikishakarabatiwa itauzika dola 200,000, na ukarabati utakula dola 40,000. Kanuni inayofundishwa ni kuchukua asilimia 70 ya bei ya baada ya ukarabati, ukatoa gharama za ukarabati, kisha ukatoa cha juu chako. Asilimia 70 ni 140,000. Ukitoa 40,000 inabaki 100,000. Cha juu kikiwa 10,000, ofa inayokwenda benki ni dola 90,000. Mahali pa jina la mnunuzi unaandika lako, likifuatiwa na maneno "au atakayemteua". Arubuni inakuwa ndogo kadiri wakala atakavyokubali, na ndani ya mkataba kunawekwa siku za ukaguzi zinazokuruhusu kujitoa na kurudishiwa arubuni hiyo. Siku hizo kwa kweli ni za kumtafuta mwekezaji mwenye pesa taslimu atakayelipa 100,000. Akipatikana, unamwachia nafasi yako kwenye mkataba, benki inapata 90,000 zake, na wewe unaondoka na 10,000 bila kuimiliki nyumba hata kwa saa moja. Asipopatikana, unasema ukaguzi haukukuridhisha.

Aliyezoea Kariakoo ameshamtambua mtu huyu: ni winga. Anamdaka mteja barabarani, anamtajia bei, anakimbia dukani kwa mwenye mzigo, anarudi nao, na tofauti inaingia mfukoni. Wenye maduka wanamhitaji na wateja wengi wanamhitaji pia. Ila winga hamfungii mwenye duka mzigo wake wiki mbili, usiuzwe kwa mwingine, wakati yeye bado anazunguka kutafuta mteja. Mkataba wa nyumba wenye siku za ukaguzi unafanya hivyo hasa. Ni haki ya kununua au kutonunua, na haki ya namna hiyo ina thamani. Mahali pengine watu huilipia.

Kisheria, wauza kozi wana pa kusimamia. Kanuni ya jumla ya mikataba huko Marekani ni kwamba haki iliyo ndani ya mkataba inaweza kuhamishwa, isipokuwa mkataba wenyewe umekataza au jambo lenyewe linamtegemea mtu binafsi. Mnunuzi aliyesaini mkataba halali wa nyumba anahesabiwa kuwa na maslahi fulani katika nyumba hiyo hata kabla ya hati kubadilishwa jina, na maslahi hayo ndiyo anayouza. Texas, ambako Waswahili tumejaa, iliandika jambo hili waziwazi mwaka 2017: unaweza kuuza maslahi yako kwenye mkataba bila kuwa na leseni, mradi usiyatumie kama kificho cha kufanya udalali, na umweleze anayetaka kununua kwamba unachouza ni mkataba, nyumba si yako. Sheria za majimbo mengine ni kali zaidi. Illinois inakuvumilia mara moja ndani ya miezi 12. Ukirudia, unahitaji leseni. Oklahoma inataka leseni kwa anayetangaza hadharani mkataba wa namna hiyo. Pennsylvania inataka leseni, na zaidi ya hapo inampa mwenye nyumba siku 30 za kubadili mawazo.

Ukizisoma sheria hizi utaona zimeandikwa zikimfikiria mtu mmoja: mzee aliyepigiwa simu na kijana mchangamfu, akasaini bila kujua bei ya mtaa wake, nyumba yake ikauzwa wiki mbili baadaye kwa pesa nyingi zaidi na mtu ambaye hakutoa hata senti. Hapo ndipo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa wauza kozi inapozaliwa, na inastahili kusikilizwa. Wanasema: kama tatizo ni mnyonge kuibiwa, basi nyumba ya benki ndiyo mahali safi pa kufanyia biashara hii. Benki ina wanasheria. Benki inajua bei. Nyumba imetangazwa kwa wakala, kila mtu ameiona, na ikikubali dola 90,000 imekubali kwa macho yake mawili. Nani ameumia? Na nyumba iliyokaa tupu, madirisha yamevunjwa, nyaya za shaba zimeng'olewa, inapata mtu wa kuifufua haraka. Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Mtu anayejua kuunganisha nyumba mbovu na fundi mwenye mtaji anatoa huduma, na huduma haigeuki dhambi kwa sababu mtoaji wake hana pesa.

Hoja dhaifu ni ile inayorudiwa kuliko zote, kwamba benki haitaki nyumba, inataka kuutua mzigo kwa bei yoyote. Hii ilikuwa na ukweli kiasi miaka ya baada ya 2008. Mwaka 2010 nyumba zaidi ya milioni 2.8 nchini Marekani ziliingia katika hatua fulani ya kunadiwa. Mwaka 2024, kwa hesabu za kampuni ya takwimu ya ATTOM, zilikuwa takriban 322,000, na nyingi kati ya zinazoanza safari hiyo hazifiki mikononi mwa benki kabisa. Mwenye nyumba analipa deni, au anauza mwenyewe, au mtu anainunua mnadani. Zinazobaki ni chache na zina wanunuzi wengi. Isitoshe, hiyo tunayoiita benki mara nyingi haiimiliki nyumba. Mkopo ulishauzwa zamani kwa Fannie Mae au Freddie Mac, kampuni mbili kubwa zinazonunua mikopo ya nyumba, au ukafungwa kwenye kapu moja na mikopo mingine na kuuzwa kwa wawekezaji. Anayesimamia mauzo ni mtunzaji, yaani anayefanya kazi kwa niaba ya wenye mkopo, na anapaswa kueleza kwa nini alikubali bei aliyokubali. Ana makadirio ya bei yaliyoandikwa na wakala wa mtaa husika, na kwenye mfano wetu makadirio hayo yanaweza kusema nyumba, kama ilivyo, ina thamani ya dola 130,000. Ofa ya 90,000 kwake ni maelezo marefu ya kumwandikia bosi. Atasubiri, atashusha bei kidogo kidogo kwa ratiba iliyopangwa, na atauza kwa 115,000 kwa mtu anayelipa taslimu na kuonyesha taarifa ya benki.

Halafu kuna zile karatasi zenyewe. Wakala anajaza fomu ya kawaida ya mkataba ya jimbo lake, na hapo "au atakayemteua" inaingia bila tatizo. Benki inaporudisha jibu, inarudisha na nyongeza yake ya mkataba, kurasa kadhaa, ambayo karibu kila mara inasema mambo mawili: kwamba mnunuzi haruhusiwi kuhamisha mkataba, na kwamba pale nyongeza inapogongana na fomu ya kawaida, nyongeza ndiyo inayotawala. Maneno yako mawili yamekufa hapo. Kozi nyingine zinasema umwombe wakala aijadili nyongeza hiyo. Na nani? Mtu wa upande wa pili anashughulikia mafaili mengi kwa mpigo, hana mamlaka ya kufuta sentensi iliyoandikwa na wanasheria wa kampuni, na hana sababu ya kujaribu. Nyongeza hiyo pia ina kumbukumbu ndani yake. Katika miaka ya anguko la nyumba kulikuwa na ulaghai wa kushusha bei: wakala na mnunuzi wanakula njama, benki inaambiwa nyumba ni gofu, inaiuza chini, na siku hiyo hiyo nyumba inauzwa tena kwa bei yake halisi. Muuzaji aliyeumwa na nyoka huyo anataka kujua jina la mnunuzi mwanzoni, na jina hilo hilo alione mwishoni.

Ukitazama kwa jicho hilo, kinachouzwa kwa benki kwenye ofa ni uhakika kuliko bei. Ofa ya dola 112,000 isiyo na masharti huishinda ya 116,000 yenye mlango wa kutokea. Ofa inayohamishika inasema kwa maandishi kwamba aliyeisaini pengine hana pesa, na kwamba atakayelipa hajapatikana bado. Huwezi kutaka punguzo na papo hapo ukamnyima muuzaji kitu pekee kinachomfanya mtu atoe punguzo.

Wajanja wanajua haya, kwa hiyo wana njia za kuzunguka. Ya kwanza ni kununua na kuuza siku moja: unaichukua nyumba kwa jina lako kwa pesa ya kukopa ya saa chache, kisha unamuuzia mwekezaji wako. Hii ni halali na inafanyika. Lakini sasa unalipa gharama za kukabidhiana hati mara mbili, unalipa ada ya huo mkopo wa saa chache, na unahitaji kampuni ya hatimiliki, ile inayohakiki hati na kusimamia makabidhiano, iliyo tayari kuyashughulikia mauzo yote mawili. Cha juu cha 10,000 kinaanza kuliwa. Ikiwa muuzaji ni Fannie Mae, hati yenyewe inaweza kubeba sharti kwamba ndani ya miezi mitatu usiiuze nyumba kwa zaidi ya asilimia 120 ya bei uliyonunulia. Kwenye mfano wetu hiyo ni dola 108,000, kwa hiyo unapita, ila aliyeota cha juu cha 30,000 amekwama. Na mnunuzi wako wa mwisho hawezi kutumia mkopo unaodhaminiwa na FHA, idara ya serikali kuu inayodhamini mikopo ya nyumba, kwa sababu tangu mwaka 2003 kanuni zake hazikubali nyumba inayouzwa tena ndani ya siku 90, ukiacha kipindi cha kuanzia 2010 hadi 2014 ambapo zililegezwa. Umebaki na wenye pesa taslimu peke yao, na hao wanaitazama orodha ile ile unayoitazama wewe. Njia ya pili ni kufungua kampuni, kutoa ofa kwa jina la kampuni, kisha kumuuzia mwekezaji kampuni nzima badala ya mkataba. Kwenye karatasi mnunuzi hajabadilika. Baadhi ya wauzaji wameshaistukia na wanadai majina ya wenye kampuni na kiapo. Nadhani njia hii inafaa kwa mtu mwenye mwanasheria, na mwenye mwanasheria kwa kawaida hajajiunga na kozi ya kuingia bila mtaji.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kozi hupita juu yake kwa miguu miwili. Nyumba nyingi za namna hii haziko wazi kwa wawekezaji siku za mwanzo. Fannie Mae na Freddie Mac wana kipindi cha kuwatanguliza wanaonunua ili waishi humo, na mwaka 2021 kipindi hicho kiliongezwa kutoka siku 20 hadi 30. Hii ni sera, imewekwa kwa makusudi, baada ya miaka ambayo mitaa mizima ilinunuliwa na wenye pesa taslimu kabla familia hazijapewa jibu la mkopo. Ofa inayofika siku ya 31 inakuta mabaki, yaani nyumba ambazo wenye kuzitazama kwa makini wameshaziacha. Kwa nini wameziacha, mgeni wa mtaa huo hawezi kujua kwa picha za kwenye simu.

Sasa wakala, maana mpango mzima unasimama mgongoni kwake. Kozi inakwambia umpate wakala atakayetuma ofa 30 au 50 kwa wiki. Wakala halipwi kwa kuandika ofa. Analipwa mauzo yakikamilika. Kila ofa ni saa yake, na kila ofa iliyojitoa ni jina lake mbele ya wakala wa upande wa benki, ambaye ni yule yule kwa nyumba nyingi za eneo hilo. Wakala mmoja ninayemfahamu hapa Texas aliwahi kumsaidia mtu wa namna hii, na mwishowe simu zake mwenyewe kwa mawakala wa nyumba za benki zikaanza kupokelewa kwa kusitasita, hata alipokuwa na mteja mwenye pesa. Halafu likaja suluhu la kesi dhidi ya NAR, chama cha kitaifa cha mawakala, lililokigharimu chama hicho dola milioni 418. Tangu Agosti 17, 2024, wakala anayefuata kanuni zake lazima awe na makubaliano ya maandishi na mnunuzi kabla ya kumwonyesha nyumba, yakitaja malipo yake ni kiasi gani. Sasa mwanafunzi wa kozi anatakiwa kusaini kwamba atamlipa mtu, na wakala anapata mahali rasmi pa kuuliza: wewe ndiye mnunuzi, au unamtafuta?

Wapo watakaosema sheria hizi zote za leseni ni njama ya mawakala kulinda kitumbua chao. Si uongo mtupu. Vyama vya mawakala vimezipigia debe, na leseni popote duniani huwa na harufu ya kuzuia wapya. Lakini hoja hiyo, hata ikiwa kweli kabisa, haisaidii chochote kwenye nyumba ya benki. Zifuteni sheria za Illinois, Oklahoma na Pennsylvania kesho asubuhi, nyongeza ya mkataba ya benki itabaki pale pale ilipo.

Naongeza neno kwa wanaofikiria kuupeleka mpango huu nyumbani, maana nimeona matangazo yakiitaja Nairobi. Kenya haina huo msururu wa nyumba za benki zinazotangazwa kwa wakala kama Marekani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mkopeshaji hutoa notisi ya miezi mitatu, kisha notisi ya siku 40 ya kuuza, na dalali wa mnada mwenye leseni hutoa yake ya siku 45. Nje ya mnada wa hadhara, benki yenyewe haiwezi kujiuzia bila ruhusa ya mahakama. Nyundo ikigonga, mshindi anatoa papo hapo amana ambayo mara nyingi ni robo ya bei, na salio kwa kawaida ndani ya siku 90. Hakuna siku za ukaguzi za kujifichia. Asiye na mnunuzi wa pili mkononi kabla ya mnada anaihatarisha robo hiyo yote.

Nini kinabaki kwa mtu wa Dallas au Columbus mwenye nguvu, muda na pesa kidogo? Ujuzi ambao kozi zinauuza kama kitu cha pembeni ndio wenye thamani: kujua bei ya nyumba kama ilivyo, kwenye mitaa mitatu au minne, bila kubahatisha, na kujua nani anakamilisha ununuzi. Mwenye ujuzi huo anaweza kuutumia kwa njia tatu ambazo benki haizikatai: kununua kwa ubia na mwenye pesa, majina yote mawili yakiwa kwenye ofa tangu mwanzo, kununua na kuuza siku moja, akishapiga hesabu ya gharama zote mbili na kuona bado kuna kinachobaki, au kuchukua leseni. Texas inataka saa 180 za masomo kabla ya mtihani, Illinois 75, na huhitaji kuwa raia, ingawa Texas inataka uwe nchini kihalali. Na ukikaa mbele ya muuza kozi anayedai nyumba za benki zimemtajirisha kwa mikataba ya kuhamisha, mwombe kitu kimoja: karatasi ya mahesabu ya siku ya kukabidhiana hati, muuzaji akiwa benki, na mstari unaoonyesha ada ya kuhamisha mkataba. Kama mauzo yalipita kwa kampuni ya hatimiliki, karatasi hiyo ipo.